Soma Kwanza Karatasi, Ndipo Ubishe

Ndugu zetu mnaoendesha magari England na Wales, faini za maegesho zinawala kwa sababu mnagombana na karatasi kabla ya kuisoma. Mtu akiikuta kwenye kioo humpigia rafiki, na rafiki humjibu, "Itupe, hao hawana nguvu." Haya, nguvu zao zatoka wapi? Hilo ndilo swali.

Karatasi ya halmashauri husimama juu ya Sheria ya Usimamizi wa Trafiki ya 2004, nayo ni adhabu hasa. Ya kampuni binafsi, kama ile ya kiwanja cha supamaketi, ni dai la mkataba: ulipolipita bango ukaegesha, wanasema, uliyakubali masharti yake. Zote mbili hujiita PCN (ya halmashauri ni Penalty Charge Notice, ya kampuni ni Parking Charge Notice), na sidhani kampuni zinasikitikia mfanano huo.

Wapo wasemao dai la mkataba halina meno. La hasha! Mwaka 2013 Barry Beavis aliegesha Chelmsford, mahali pa saa mbili bure, akapitiliza kwa karibu saa nzima, akadaiwa pauni 85. Akabisha kwamba kampuni haikupata hasara yoyote, basi ya nini kumkomoa? Hoja tamu, nami naipenda hata leo. Lakini Novemba 2015 Mahakama ya Juu iliikataa, majaji sita kwa mmoja: kampuni ilikuwa na maslahi halali ya kutaka magari yapishane, na mabango yalikuwa makubwa, yanasomeka. Bado watu wanaipeleka hoja hiyohiyo, kisha wanalalamika kuonewa.

Tazameni penye uzito. Bango lilisomeka? Lipige picha siku ileile. Je, notisi ilifika lini? Kampuni iliyokunasa kwa kamera tu, isiyomjua dereva, yatakiwa na sheria ya 2012 imfikishie notisi mwenye gari ndani ya siku 14. Ikichelewa, haiwezi kumdai yeye kwa kuwa tu gari limeandikishwa kwa jina lake. Na hapa ndipo wengi wanapojichongea. Barua yao huanza, "Niliegesha kidogo tu, mtoto alibanwa na haja..." Kampuni haikumjua dereva; umeitajia mwenyewe, tena bila kulazimishwa na sheria.

Kwa halmashauri mambo ni mengine. Watakuvuta kwa nusu bei ukilipa ndani ya siku 14, na ukilipa umeifunga kesi. Ukiwa na haki, wakatalie; wakishikilia, nenda kwenye baraza huru la rufaa, ambalo halitozi ada.

Na kampuni binafsi ikikushtaki, bahasha ya mahakama usiilaze juu ya friji. Una siku 14 za kujibu tangu ifikishwe kwako. Ukinyamaza, hukumu yaweza kutolewa bila wewe, na usipoilipa yote ndani ya mwezi, itakaa kwenye rejista miaka sita, ikisomwa na kila benki utakayoiomba mkopo.