"Jazz" ya Queen Ihukumiwe kwa Sikio

Wapenzi wa muziki wa roki wakilitaja kundi la Queen, huisifu "A Night at the Opera" ya mwaka 1975. "Jazz", iliyotoka Novemba 1978, huachwa pembeni kama mtoto wa kambo. Mhakiki wa jarida la Rolling Stone la Marekani aliikandia vikali, akafikia hata kulihusisha kundi hilo na ufashisti. Hukumu ile imerithiwa na wengi wasioisikiliza santuri yenyewe. Nasema ni hukumu batili, na sisi washairi wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kuipinga.

Sababu hiyo ni wimbo wa kwanza, "Mustapha". Aliyeutunga na kuuimba ni Freddie Mercury, yaani Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 katika familia ya Kiparsi. Ndani yake mna majina ya Mustapha na Ibrahimu, mna salamu ya Kiislamu, na mna silabi zisizopatikana katika kamusi yoyote. Hapo ndipo hata washairi wenzangu hunijibu: "Upuuzi mtupu, hauna maana."

Haiba ya hoja hiyo huishia mlangoni petu. Ni waimbaji wangapi wa kasida huku kwetu wanaoelewa kila neno la Kiarabu walitamkalo? Hatuwaambii kwamba wanabwabwaja. Vina na mizani navyo ni mambo ya sikio kwanza, ndipo maana ifuate. Atakayesema wimbo ule ni dhihaka kwa dini namheshimu, lakini mimi nimeusikiliza mara nyingi nikiitafuta kejeli, nikasikia furaha ya mtu anayeionja sauti.

Sisemi albamu haina dosari. Tangazo la "Bicycle Race", lililotumia wanawake uchi juu ya baiskeli, silitetei hata chembe. Lakini humohumo mna "Don't Stop Me Now", unaoimbwa leo na watu wasiojua ulikotoka, na "Jealousy", wimbo wa kinanda wenye uchungu ambao kila aliyewahi kutunga juu ya wivu angeutamani. Nyimbo ni 13, na mitindo imechanganyika. Wahakiki wameuita mchanganyiko huo vurugu. Sisi tunajua kwamba diwani nzuri haifungwi na bahari moja.

Naandika kutoka Endagikot. Huku Mbulu, Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatooga ya Kiniloti, Kiswahili ya Kibantu; na kuelekea Ziwa Eyasi, Wahadzabe wana lugha yao yenye vidoko. Mtoto wa huku husikia wimbo wa jirani kabla hajajua neno lake hata moja, na bado hutambua kama ni wa arusi au wa msiba. Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu mmoja alikiita Kiiraqw chetu makelele. Hakukielewa, basi akaona hakina maana.

Ndiyo maana hukumu ya "upuuzi mtupu" hainipiti hivi hivi. Mshairi anayeidharau sauti asiyoielewa amekwisha kukaa upande wa mwalimu yule.