Mota Ikiungua, Asikatwe Fundi Mshahara

Ndugu wafanyi kazi,

Wenzetu wengi hulinda vyumba vya baridi: samaki huko Mombasa, nyama huko Athi River, maua huko Naivasha. Kompresa ikiharibika, neno la kwanza wanalolisikia ni hili: "Fundi ameiua mashine." Halafu hutafutwa mshahara wake ili ulipe. Nataka kueleza kwa nini neno hilo mara nyingi si la kweli, na chama chetu kidai nini.

Watu wengi hudhani gesi ya friji ina kazi moja tu, yaani kupoza mali iliyomo chumbani. Sivyo. Kompresa nyingi zimefungwa pamoja na mota yake ndani ya chuma kimoja. Gesi inayorudi kutoka chumbani hupita kwanza kwenye waya za mota, huchukua joto lake, ndipo huingia katika silinda ikashindiliwa. Kwa hiyo gesi ile ile inayopoza samaki ndiyo inayopoza mota. Bomba likivuja, gesi inayorudi huwa kidogo, tena imekwisha pata joto njiani. Chumba nacho hakifikii baridi inayotakiwa, basi mashine haipumziki usiku kucha. Mota inafanya kazi zaidi na inapozwa kidogo. Hapo ndipo vanishi ya waya huungua.

Jambo hili haliji kwa ghafula. Fundi hupima joto la bomba linalotoa gesi moto, kiasi cha sentimita 15 kutoka kwenye kompresa. Joto likipita digrii 107 za Selsiasi, hiyo ni hatari, kwa maana ndani kwenye valvu joto ni kubwa zaidi, na mafuta huanza kuharibika. Fundi husema, "Bwana, tusimamishe mashine tuzibe bomba." Mara ngapi amejibiwa, "Ongeza gesi tu, kazi iendelee"?

Kuongeza gesi bila kuziba bomba si matengenezo. Gesi ikizidi kipimo yaweza kurudi ikiwa majimaji, ikaosha mafuta kwenye beringi na kuvunja valvu. Ile inayovuja hupotea hewani, na madhara yake si madogo: kilo 1 ya gesi iitwayo R-404A huongeza joto la dunia sawa na kilo 3,900 hivi za hewa ya kaboni. Ndiyo sababu mataifa yalipatana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za namna hiyo. Tena mota ikiungua huacha asidi ndani ya mabomba. Kompresa mpya ikifungwa bila kusafisha mabomba na kubadilisha kichujio, nayo yaweza kuungua vile vile. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwenye mali hujenga kuta mbili.

Katika mitambo mikubwa ya amonia yenye kompresa za skrubu, kinachohitaji kupozwa sana ni mafuta ya mashine. Njia moja ni kuingiza amonia ya majimaji ndani ya kompresa yenyewe. Njia hiyo ni rahisi kununua, lakini kompresa hulazimika kuishindilia amonia hiyo pia, na umeme huliwa bure. Njia ya pili ni kuweka tangi la amonia mahali palipo juu ya kipoza mafuta. Amonia hushuka kwa uzito wake, huchemka kwa joto la mafuta, na mvuke wake hupanda kwenda kupozwa tena. Haihitaji pampu, wala kompresa haibebi mzigo huo. Kuijenga ni ghali zaidi, kuiendesha ni nafuu. Mambo haya anayajua fundi anayekaa na mashine usiku na mchana, lakini siku ya kununua mtambo haitwi. Huitwa siku ya kuharibika.

Sisemi kwamba hakuna fundi mzembe. Yupo, naye ajibu kwa kazi yake. Lakini tuitazame sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyi kazi alikosa kwa makusudi. Fundi aliyetoa habari ya uvujaji akaambiwa aendelee, makusudi yake yako wapi?

Basi nashauri chama chetu kiingize mambo matatu katika mapatano yajayo na waajiri.

Kwanza, kila mtambo uwe na daftari. Humo ziandikwe kila siku presha, joto la bomba, gesi iliyoongezwa na jina la aliyetoa amri. Daftari likae mahali ambapo fundi na mwajiri wote wanaweza kulisoma.

Pili, fundi awe na ruhusa ya kusimamisha mashine joto likipita kipimo, bila kuadhibiwa.

Tatu, pasiwe na kukata mshahara kabla ya daftari kusomwa mbele ya mjumbe wa chama na sababu ya kuungua kujulikana.

Mambo haya hayamwibii mwajiri hata senti. Mashine yake itadumu, umeme wake utapungua, samaki wake hawataoza. Nanyi mafundi, msingoje mapatano. Anzeni kuandika leo, hata kama ni katika daftari la shule. Maneno ya mdomo husahauliwa siku mota inapoungua, lakini yaliyoandikwa yatasomwa.

Mimi mwenzenu,
Fundi wa Vyumba vya Baridi