Miaka mitatu ya uzoefu, kwa mbuzi wa nani?

Mtanisamehe kwa ukimya. Nilikuwa nyumbani, Kinyangiri, na nimerudi na hasira ambayo mhariri wangu hana ukurasa wa kuiweka. Basi naimwaga hapa.

Kwa msiopajua: Kinyangiri iko Mkalama, mkoani Singida. Wakati naanza darasa la kwanza tulikuwa bado Iramba. Mwaka 2012 wilaya ikagawanywa, ikazaliwa Mkalama na makao makuu yake yakawa Nduguti. Ukitoka Singida mjini kwa barabara ya Nzega unashukia Iguguno, unatafuta bodaboda, unajifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Wale kuku wa kienyeji mnaoambiwa huko Dar kwamba ni wa Singida, wengine wametokea uani kwa mama yangu. Kuku, alizeti, mtama, mbuzi. Hayo ndiyo yaliyonisomesha mimi, pamoja na Bodi ya Mikopo ambayo leo inanikata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi bila kunisalimia.

Nilimkuta mshikaji wangu tuliyekaa dawati moja toka darasa la tatu. Ana shahada ya ualimu, Historia na Kiswahili. Tangu 2021 anafundisha kwa kujitolea katika sekondari moja ya kata. Wazazi wanamchangia, na wanamchangia wakishauza alizeti, maana yake kuna miezi analipwa na kuna miezi analipwa shukrani. Anashika vipindi kama mwalimu yeyote, anasahihisha mitihani, anasimamia maandalio ya usiku. Wanafunzi wanamwita Mwalimu. Serikali haimjui.

Mwaka jana akaona tangazo la shirika moja lisilo la kiserikali linalotafuta afisa mradi msaidizi wa kufanya kazi na vijana wa vijijini. Sifa: shahada, Kiswahili fasaha, uwezo wa kuishi mazingira magumu, na "uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu". Mshikaji akafurahi kwa sababu miaka mitatu anayo na zaidi, na mazingira magumu kwake ni anuani ya nyumbani. Akaomba. Akaitwa Dar es Salaam, kwa gharama zake. Baba yake akauza mbuzi wawili. Alipofika mbele ya jopo akaulizwa barua ya ajira iko wapi. Hana. Hati ya mshahara? Hana. Basi, wakamwambia, kwa utaratibu wetu hapa kujitolea hatukuhesabu kama uzoefu. Dakika kumi na moja, anasema, alizihesabu kwenye saa ya ukutani. Halafu akarudi stendi kutafuta basi.

"Kaka," akaniuliza tukiwa tumekaa nje kwao, "hivi wao walikuwa hawajaona kwenye karatasi kwamba nilikuwa najitolea? Si wangeniambia kabla mbuzi hawajauzwa?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo na nadhani nimelipata, na silipendi.

Mwajiri anapoandika miaka mitatu kwa kazi ya kuanzia, kazi ambayo mtu mwenye akili timamu anaifundishwa kwa miezi miwili, hatafuti ujuzi. Anatafuta kijana ambaye gharama ya kumfundisha imeshalipwa na mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine ni nani? Kama baba yako ana nyumba Sinza au Mbezi, ni baba yako. Utakaa kwake mwaka mzima ukifanya kazi bure kwenye ofisi ya rafiki yake, utakula, utapewa nauli ya daladala, na mwisho wa mwaka utapewa barua yenye mhuri inayosema una uzoefu. Mtoto wa Kinyangiri akitaka barua ileile inabidi apange chumba Dar kwa kodi ya miezi sita, ale, apande daladala, bila mshahara. Piga hesabu mwenyewe ni mbuzi wangapi. Zizi halitoshi.

Kwa hiyo jamani, tusiite sifa ya kitaaluma. Hiki ni kiingilio, na mlangoni kinalipwa kwa fedha.

Sasa tazameni kinachotokea. Nafasi nyingi za serikali za kuanzia, zile za Daraja la II, hazidai uzoefu. Zinataka cheti, na umri usiozidi miaka 45. Basi nchi nzima inakimbilia mlango huo mmoja. Mnakumbuka Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 wakasailiwa Uwanja wa Taifa kwa nafasi 70 za Uhamiaji? Walikaa kwenye viti vya mashabiki, wamevaa suti juani, kalamu mkononi. Wengi tuliichukulia kama kichekesho, tukasambaza picha. Mwanzoni mwa 2025 TRA ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yalikuwa 135,027. Takriban watu 85 kwa kiti kimoja! Walimu nao, ambao zamani walipangiwa vituo moja kwa moja, sasa wanafanyiwa usaili, na waombaji zaidi ya 200,000 walijitokeza kugombea nafasi 14,648. Mshikaji wangu alikuwa mmoja wao. Kisha anasimama mheshimiwa fulani kwenye kongamano lenye kiyoyozi anasema vijana wetu wana kasumba ya kupenda kazi za serikali. Kasumba? Mheshimiwa, ndiko kuliko na mlango usio na kiingilio!

Najua waajiri wanavyojibu, kwa sababu nimewahoji. Wanasema vyuo vinatoa watu wasiojua kitu na wao si shule. Kuna ukweli ndani yake. Nimepokea wanafunzi wa mazoezi kwa vitendo chumba cha habari ambao hawawezi kuandika aya ya kwanza ya habari ya ajali. Lakini swali langu ni la fedha. Mwajiri nchini hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL, ambayo hukokotolewa kwenye mishahara anayolipa. Hadi 2013 ilikuwa asilimia 6. Waajiri wakalia kwamba ni kubwa, wakasikilizwa: ikawa 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, 4 mwaka 2021, 3.5 mwaka 2023. Mwaka 2021 wakasamehewa pia wenye wafanyakazi chini ya kumi. Sisemi walikosea kulia, biashara ni ngumu. Nasema hivi: kila iliposhuka, ile nafuu ilikwenda wapi? Nani alifungua meza mbili za vijana wasio na uzoefu kwa sababu tozo imeshuka? Nionyesheni matangazo ya kazi ambayo miaka mitatu ilishuka kuwa miwili.

Utarajali upo, najua. Serikali ilitoa mwongozo wake mwaka 2017 na kuna vijana waliofaidika. Lakini mwongozo ni mwongozo. Haujamlazimisha mtu yeyote kuihesabu ile miaka ya mwalimu wa kujitolea, na ofisi za kupokea watarajali zimejaa mjini. Pale kwetu ofisi ni shule, zahanati na mtendaji.

Na msiniambie habari za "jiajirini". Hili neno nalichukia kuliko yote. Mtoto wa Kinyangiri alijiajiri kabla hajajua kusoma. Amechunga, amepura mtama, amepeleka kuku mnadani akiwa darasa la nne na akarudi na chenji sahihi. Amekwenda chuo kwa sababu wazazi wake walikuwa wamejiajiri maisha yao yote na wakaona haitoshi. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi katikati ya 2024, na katikati hapo hakuna aliyetangaza kwamba njaa nayo imesimamishwa.

Mtasema mbona wewe ulipata. Ndiyo, nilipata, na ngoja niwaambie nilivyopata, maana sijawahi kulisema hadharani.

Nina mjomba Manzese mwenye vyumba viwili. Alinipa kimoja, wanawe wakalala sebuleni mwaka mzima. Nikaenda kwenye chumba cha habari cha gazeti moja, sitalitaja, wakaniambia hatuna nafasi lakini unaweza kuleta habari, ikitoka tunalipa kwa habari. Zilikuwa zinatoka. Malipo yalikuwa yanachelewa miezi mitatu, na yakija unakuta habari nne hazimo kwenye orodha. Nilikula nini? Nilikula bahasha. Mnajua bahasha. Unakwenda kwenye mkutano na waandishi, mnasikiliza, mwisho mnasaini karatasi mnapewa "nauli". Nauli ya kutoka Posta kwenda Manzese inayotosha kula siku tatu. Kuna habari moja ya mwenye kiwanda niliiandika bila kwenda kuwauliza wafanyakazi wake upande wao, na nilijua kabisa kwa nini sikwenda. Nilimaliza miezi kumi na nne namna hiyo, nikapewa mkataba.

Huo ndio uzoefu wangu. Una mhuri, unakubalika ofisi yoyote. Mshikaji wangu katika muda huohuo alikuwa anafundisha watoto historia ya Majimaji kwa chaki anazonunua mwenyewe, na yeye ndiye hana uzoefu.

Kama kati yenu kuna anayekaa kwenye jopo la usaili, au anayeandika hayo matangazo, naomba aniambie kitu kimoja tu bila hasira: ile namba tatu mnaitoa wapi? Kuna mtu aliwahi kukaa akapima kwamba kazi ya afisa mradi msaidizi inahitaji miezi 36, au mlinakili kutoka tangazo la mwaka juzi? Na kama kujitolea hakuhesabiwi, andikeni hivyo kwenye tangazo. Mstari mmoja. Utaokoa mbuzi.

Juzi mshikaji amenitumia CV yake niipitie, kuna tangazo jingine linafungwa Ijumaa, hili ni la Dodoma, afadhali. Kwenye sehemu ya uzoefu safari hii ameandika "hakuna". Nimekifuta. Nimeandika mwaka, masomo, idadi ya vipindi kwa wiki, nikamwambia aende kwa mkuu wa shule aombe barua yenye mhuri. Amenijibu usiku: mkuu wa shule amehamishwa, mpya anaripoti Jumatatu.