Mbwa Aliyeachwa Mlangoni: Huruma na Twahara Havigombani



Kila watumishi wanapohamishwa vituo, hapa Mbeya na huko Iringa, hutujia swali lile lile. Jirani amepakia vyombo vyake kwenye lori na kumwacha mbwa. Ni chotara, mkubwa, mpole, aliyezoea watoto wa mtaa. Baada ya kuzurura majalalani, hulala mlangoni kwa familia ya Kiislamu. Watoto humtupia makombo. Baba huagiza afukuzwe kwa mawe, kwani mbwa ni najisi. Nani kati yao yuko sahihi?

Tuanze na lisilo na shaka. Kumpiga mawe au kumtegea sumu mnyama asiyedhuru ni dhuluma. Bukhari na Muslim wamepokea habari za mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Allah akamsamehe. Maswahaba walipouliza kama kuna ujira kwa wanyama, Mtume (s.a.w.) aliwajibu kuwa upo kwa kila kiumbe hai. Basi mtoto mwenye makombo yu karibu na mafundisho hayo kuliko mkono ulioshika jiwe.

Hata hivyo, kulisha ni jambo moja na kufuga ni jingine. Hadithi sahihi zinaonya kuwa afugaye mbwa bila haja hupungukiwa ujira wake kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Imamu Nawawi, katika madhehebu ya Shafii, ameiona kauli sahihi zaidi kuwa ni kuruhusu pia mbwa wa kulinda nyumba, kwa kukisia hayo matatu. Kwa hiyo mwenye ng'ombe Uyole, mwenye shamba nje ya Iringa, au mwenye nyumba inayosumbuliwa na wezi, anayo nafasi. Atakaye pambo la sebuleni hanayo.

Kabla ya kumchukua, mtafuteni mwenyewe kwa simu, aseme kama amemwachilia na kama alimchanja. Uzuri wa mbwa mkubwa ni kuwa tabia yake imekwisha kujengeka. Mtazameni kwa siku kadhaa: yukoje mtu akimsogelea anapokula, watoto wakikimbia, kuku wakipita?

Kisha mpelekeni kwa daktari wa mifugo apate chanjo, na tarehe ya kurudia iandikwe. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Na Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Aliyeng'atwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kisiwani Pemba, ambako wakazi karibu wote ni Waislamu, kampeni za kuchanja mbwa zimeonesha kuwa ugonjwa huu unaweza kukomeshwa.

Ama twahara, haina ugumu kwa mwenye utaratibu. Banda liwe nje, mbali na mahali pa kuswalia, maana malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Liinuliwe kutoka ardhini, kwani baridi ya Juni na Julai huku kwetu haimhurumii hata mwenye manyoya. Awe na chombo chake. Akilamba sufuria, ioshwe mara saba, moja kwa udongo. Mkikavu kumgusa mkavu hakunajisi. Penye majimaji ndipo pa kuosha. Anayemhudumia atenge nguo za kazi hiyo.

Asiye na haja wala uwezo ampe maji, kisha amtafutie mwenye haja au amjulishe afisa mifugo wa kata. Kumpakia na kumtupa mtaa wa pili ni kumhamishia mwenzio mzigo.

Na atakayemchukua ajue amebeba amana: atamlisha mwezi wa mshahara na mwezi wa ukata. Ramadhani ikiingia, jiko la mchana hupoa, lakini mbwa hafungi. Chakula chake cha mchana ni juu yetu.

Wallahu aalam.