Ukiulizwa "Uko na Swali?" Kwa Intavyu Usiseme "Hapana": Ndio Hivyo Wasee Hubebwa Ufala

Umetoka Ikonge na matatu ya alfajiri, viatu safi ziko kwa begi juu ya matope. Umefika Nairobi, umegrilliwa na paneli nusu saa. Ya "tuambie kuhusu wewe" umepita. Ya "unajiona wapi miaka mitano ijayo" umedanganya kidogo kama kila mtu. Kisha madam wa HR anafunga faili: "Uko na swali lolote kwetu?"

Na wewe, kwa ile heshima ulifunzwa nyumbani: "Hapana madam, asante."

Hapo ndio umechoma.

Tumelelewa tukijua mkubwa akiongea unanyamaza. Mbele ya wazee hiyo ni poa. Lakini intavyu ni soko, na bidhaa ni masaa yako. Hakuna mama Ikonge anaachilia mkungu wa ndizi bila kujua analipwa ngapi, na lini.

Na siku hizi kunyamaza kunaweza kukucost zaidi ya fare. Tangu 2022 serikali imekuwa ikionya kuhusu kazi feki za Thailand. Vijana wetu waliahidiwa ofisi na mshahara mnono, wakajipata Myanmar wamefungiwa kwa kambi za utapeli wa mtandaoni. Si ati maswali yangeokoa kila mtu, matapeli wana majibu pia. Lakini mwajiri wa ukweli hujibu bila jasho. Tapeli huanza kukuharakisha: "Unataka kazi ama hutaki?"

Sasa uliza nini?

Anza na kazi yenyewe. "Aliyekuwa kwa hii nafasi alienda wapi?" Kama alipandishwa cheo, poa. Kama ni mtu wa nne mwaka huu, chanuka. Kisha: "Miezi mitatu ya kwanza, mtajuaje nimefanya vizuri?" Hapo hata wao wanaona unafikiria kazi, si doo pekee.

Kama ni ya mauzo, usitoke bila hili: "Kuna mshahara wa msingi ama ni kamisheni tupu?" Wasee wengi wameuza bidhaa mwezi mzima na viatu zikaisha, kumbe hawakuwa wameandikwa.

Doo usiifanye swali la kwanza, lakini usiogope kuigusa mwishoni. Ukitajiwa elfu 30, uliza kama ni kabla ya makato. SHIF ni 2.75%, Housing Levy 1.5%, NSSF nayo 6%. Hapo 3,075 imeenda kabla KRA haijanyoosha mkono.

Maliza na karatasi: "Mkataba nitapata lini?" Usione haya, sheria iko na wewe. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu kwenda juu lazima iwe na mkataba wa maandishi, na ni jukumu la mwajiri kuuandaa. Muda wa majaribio usizidi miezi sita, na kuongezwa ni mpaka wewe ukubali. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, ukilipwa. Na tangu sheria irekebishwe 2022, vile vyeti vya DCI, HELB, KRA, EACC na CRB unadaiwa ukishapewa ofa, si kabla. Kwa hivyo usikope pesa ya cheti cha maadili mema juu ya kazi hujapewa.

Kuna maswali ya kuacha nyumbani pia. "Hii kampuni hufanya nini?" hiyo ungegoogle ukiwa kwa matatu. "Off ni lini?" ikiwa ya kwanza, umejimaliza.

Najua unawaza: "Msoto umenishika, nani ana nguvu ya kuhoji bosi?" Sawa. Chagua mawili tu, uyaandike kwa karatasi, uyaulize kwa adabu. Akikasirika kwa sababu umeuliza utalipwa lini, fikiria vile atakuwa tarehe 30 ikifika.