Mnara wa Taa wa Ras Serani na Upandwe

Neno mnara lilitujia kutoka Kiarabu, ambako manara ni mahali pa nuru. Mnara na nuru, basi, ni ndugu wa mzizi mmoja. Leo hii tukitaja mnara, fikra hukimbilia msikiti au simu, na ule ulio na haki ya kwanza ya jina hilo tumelazimika kuufafanua kwa kuuita mnara wa taa. Mjini Mombasa mambo yamezidi: anayekwenda kubarizi Ras Serani jioni hukwambia kwamba anakwenda "Lighthouse".

Mahali hapo pamepata sura mpya. Bustani ya Mama Ngina ilikarabatiwa, na mwezi Oktoba 2019 pakafanyiwa sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa. Watu hula mihogo, hunywa madafu na kuzitazama meli zikipita. Mnara nao, aghalabu, huishia kuwa mandhari ya picha. Makala haya yanashikilia kwamba mnara huo unastahili kupandwa, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili ndio wanaopasa kutangulia kulidai jambo hilo.

Kwa nini wao? Wengi wetu msamiati wa bahari tunausoma kamusini. Mwanafunzi hukariri kwamba kilindi ni penye maji marefu na kwamba mwamba ni jabali la baharini. Hufaulu mtihani, ilhali hajapata kuyaona mawili hayo yakikaa bega kwa bega. Kutoka juu, mwamba hujulikana kwa povu jeupe la mawimbi, na kilindi kwa buluu iliyokoza. Katika buluu hiyo ndimo meli zinamopita kuelekea bandarini, na hapo jina Kilindini hujieleza lenyewe. Kusi nayo, kwa aliyesimama juu, si neno tena bali ni upepo unaompiga usoni.

Watakuwapo watakaosema kwamba mnara wa taa ni chombo cha kazi, si mahali pa matembezi. Ufaransa imekwisha kuijibu hoja hiyo. Mnara wa Cordouan, uliokamilika mwaka 1611 penye mlango wa mto Gironde, ungali unaongoza meli. Mgeni huufikia kwa mashua maji yakipwa, kisha hupanda vidato 301 vya ngazi. Huko juu ndiko Augustin Fresnel alikoijaribu lenzi yake mwaka 1823: miduara ya vioo inayoukusanya mwanga uliotawanyika na kuutuma mbali ukiwa mwale mmoja. Mwaka 2021 UNESCO iliutia mnara huo katika orodha ya turathi za dunia. Miguu ya wageni haijaizima taa yake.

Wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Sisi tusiwe hivyo. Vyama vya Kiswahili huzuru Fort Jesus na Gede. Ras Serani nayo iingizwe katika ratiba. Tuwaombe wenye mamlaka watenge siku maalumu, wapandishe watu wachache wachache, na kazi ya kueleza wapewe mabaharia wastaafu, ambao msamiati huo waliuishi kabla hatujausoma. Barua ya ombi iandikwe kwa Kiswahili, na ndani yake pasionekane "Lighthouse" hata mara moja.