Mcheza Ugenini Naye Atunzwe

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, aliyecheza ugenini kwa jina la kwao?

Pita barazani hapa Bondeni, wazee watakuhesabia wachezaji wa Feisal, timu ya Mombasa iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965. Mtaje Paul Wekesa, wengi watauliza, "Ni nani huyo?"

Ni Mkenya aliyezaliwa 1967, na mwaka 1995 akawa wa 100 duniani katika tenisi. Tusiidharau namba hiyo: Wimbledon huingiza wanaume 128, na aliye katika mia ya kwanza huingia bila ya kubisha hodi. Katika mchezo wa wawili wawili alitwaa vikombe vitatu vya mashindano ya kulipwa. Na mcheza tenisi hana timu ya kumlisha. Nauli, malazi na mwalimu, vyote juu yake.

Mbona warithi wake ni wachache? Mpira mtoto wa Bondeni huucheza kichochoroni. Tenisi yataka kiwanja, na viwanja vingi vimo ndani ya vilabu vya wanachama.

Sifa tupu si tunzo. Tunzo ya Wekesa ni kiwanja cha umma, mlango wazi, mwana wa mvuvi aingie hata na raketi ya kuazima.